Idd Ngorongoro na Seronera: tulipie kambi mapema au tufike tu langoni?

Mama wa Majengo, Moshi

Wanajamvi, habari za jioni. Familia yetu imekusudia kusherehekea Idd el-Fitr, ambayo safari hii inaangukia Machi, kwa kulala kwenye mahema: usiku mmoja Ngorongoro, kisha Seronera, katikati ya Serengeti. Tutakuwa mimi na mume wangu, watoto watatu, na wifi yangu pamoja na mumewe. Gari tunalo, nalo linavuta kwa magurudumu yote manne. Mahema na magodoro tutakodi Arusha.

Kinachotutatiza ni tarehe. Idd hungoja mwezi kuandama, na tangazo hutolewa usiku wa kuamkia sikukuu, kwa hiyo leo hii hakuna awezaye kutuambia kwa yakini kama Idd Mosi itakuwa siku hii au ile inayofuata. Wifi yangu anashikilia kwamba tulipie kambi zote sasa ili tusije tukahangaika na watoto porini jioni. Mume wangu naye anasema kwamba tukilipia siku ambayo haijathibitishwa tutakuwa tumejifunga wenyewe, na kwamba mwezi wa tatu kambi huwa wazi. Naomba wanaozifahamu njia hizo watueleze ni nani kati yao mwenye hoja.

Dereva wa Njiro

Dada, wote wawili wana hoja, ila kila mmoja anazungumzia kambi ya aina yake bila kujua. Ndani ya hifadhi zetu kuna kambi za umma, ambazo sisi madereva huziita pabliki, na kuna kambi maalumu, ambazo huitwa spesho. Kambi maalumu hutolewa kwa kundi moja tu kwa wakati mmoja, na kwa sababu hiyo haiwezekani kuipata bila kuiwekea nafasi. Kampuni za utalii huzishika mapema sana, hasa zile za Ndutu, kwa kuwa kuanzia Januari hadi Machi nyumbu huwa wamejaa katika nyanda hizo wakizaa na kulisha ndama. Isitoshe, huko hamtakuta choo wala bomba la maji, kila kitu ni cha kubeba. Kwa familia yenye watoto na gari moja sizipendekezi hata kama mngepewa nafasi.

Nyinyi mnakwenda kambi za umma: Simba kule ukingoni mwa kreta, na Seronera mtachagua kati ya Pimbi, Nguchiro, Nyani na nyinginezo zilizo jirani. Hapa ndipo watu wengi hukosea hesabu. Malipo ya kambi ya umma hukupa haki ya kulala ndani ya kambi hiyo, lakini hayakuwekei kipande cha ardhi chenye jina lako. Aliyelipa mwezi uliopita na aliyelipa asubuhi ya leo wakifika pamoja wana haki sawa mbele ya ule mti wenye kivuli, na anayeupata ni aliyetangulia kusimika hema. Ndiyo maana mimi huwaambia wageni wangu kwamba katika kambi ya umma nafasi huwekwa kwa saa ya kufika.

Hata hivyo msifike langoni mikono mitupu. Malipo hayapokelewi kwa fedha taslimu. Hufanyika kwa namba ya malipo ya serikali kupitia benki au simu, ama kwa kadi, na mtandao ukisuasua siku ya msongamano mnaweza kupoteza asubuhi nzima. Kumbukeni pia kwamba Ngorongoro ina mamlaka yake na Serengeti iko chini ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, kwa hiyo ni malipo mawili tofauti, na ada ya gari kuteremka kreta hulipwa peke yake. Kila mtu mzima awe na kitambulisho cha NIDA, kwani bila uthibitisho wa uraia hamtapewa kiwango cha wananchi.

Mpishi, Sakina

Naongezea kwa upande wa jiko, kwa maana dereva akishaegesha gari kazi yake imekwisha na yetu ndiyo kwanza inaanza. Kambi za umma za Seronera hazina uzio, na fisi hupita katikati ya mahema usiku kama wenye nyumba. Kwa hiyo upishi na chakula vyote hukaa ndani ya jengo la jiko lililozungushiwa nyavu za chuma. Jengo hilo ni la wote. Jioni ya msimu wapishi wa kampuni wanakuwa wamekwisha kupanga meza na majiko ya gesi ukutani kote, na familia inayofika jua likizama hukosa hata pa kuweka sufuria. Hakuna risiti itakayokusaidia hapo. Fikeni saa tisa alasiri, mjitafutie pembe yenu, na msiache hata ganda la ndizi ndani ya hema.

Kambi ya Simba ni baridi, dada yangu. Kambi iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari na ukungu hushuka mapema, kwa hiyo wabebeeni watoto blanketi za kutosha, wala wasishtuke wakiona pundamilia wanakula majani kando ya hema.

Mwalimu wa Usa River

Mimi natofautiana kidogo na waliotangulia, kwa sababu nadhani swali lenyewe limeanzia mahali pasipo lazima. Nani amesema familia ni lazima ilale ndani ya hifadhi kila usiku? Mto wa Mbu na Karatu zina kambi nyingi za watu binafsi ambazo mtu hufika, huulizia bei, huiteremsha kidogo kwa maneno mazuri na kusimika hema, na mvua ikizidi huomba chumba. Kwa safari ambayo tarehe yake inategemea mwezi, uhuru wa namna hiyo una thamani kubwa kuliko mandhari ya ukingoni. Lala Karatu usiku wa kwanza, ingia Ngorongoro kwa lango la Loduare alfajiri, na kibali chako cha saa 24 ukitumie kikamilifu badala ya kukimaliza usingizini.

Nisieleweke vibaya, ushauri huu hauhusu Mlima Kilimanjaro. Wapo wanaodhani kwamba kwa kuwa ni wenyeji wa Moshi wanaweza kuupanda kwa njia ya Marangu kwa kujitokeza tu. Vitanda vya vibanda vya Mandara, Horombo na Kibo hutolewa kwa hesabu, na Horombo ndiyo yenye mbano zaidi, kwa kuwa hupokea wanaopanda, wanaopumzika ili kuzoea hewa na wanaoshuka, wote usiku mmoja. Mlima Meru nao ni vibanda vya Miriakamba na Saddle. Huko bila nafasi iliyothibitishwa utarudishwa langoni.

Mama wa Majengo, Moshi

Nawashukuru sana. Wifi yangu ameyasoma haya na amelainika, ingawa bado anauliza: tukisubiri tangazo la mwezi ndipo tulipe usiku huohuo, je, Karatu itatosha kama kituo cha kwanza tukitokea Moshi baada ya swala ya Idd?

Dereva wa Njiro

Itatosha, na wazo la mwalimu nalikubali kwa usiku huo wa kwanza. Mkiswali, mkala pilau na kuondoka saa tano, mtapita Arusha mchana na kufika Karatu kabla ya giza, hata mkizingatia mwendo wa kilomita 50 kwa saa kwenye kila makazi ya watu. Ngorongoro isingewezekana kwa raha siku hiyohiyo. Malipo ya mamlaka zote mbili yafanyeni mkiwa Karatu jioni, ambako mtandao ni mzuri, kwa tarehe ambayo sasa itakuwa imethibitika.

Jambo la mwisho ni njia yenyewe. Mwishoni mwa Machi masika huwa yanabisha hodi, na udongo mweusi wa upande wa Ndutu ukilowa hulishika gari hadi kwenye ekseli. Shikeni barabara kuu ya Naabi, lango la kuingilia Serengeti, moja kwa moja hadi Seronera, na jembe na kamba ya kuvutia gari viwe juu ya mizigo, msivifukie chini ya magodoro.