Gego nililoziba limefumuka tena: nizibe au niling'oe?

bintiwete
Assalaam alaykum wadau. Nipo Wete, Pemba. Nina gego la chini upande wa kulia linanisumbua. Mwanzo lilikuwa linauma nikinywa maji baridi, nikaenda, wakalichimba wakanitilia dawa nyeupe laini inayonukia karafuu, nikaambiwa nirudi. Niliporudi nilikuta daktari mwengine, akaniwekea ile ya rangi ya jino wanayoimulika kwa taa ya buluu. Ikakaa vizuri tu hadi baada ya Idi, nikiwa natafuna halua kwenye harusi, ikatoka kipande kizima na ikabaki kwenye halua!

Sasa pana shimo na ulimi hauachi kwenda pale. Haliumi peke yake. Nikinywa juisi ya ukwaju yenye barafu linachoma kidogo, nikimeza basi limeshatulia. Kipande ninacho. Jirani anasema ning'oe nipumzike, dukani wananiambia nikibandike kwa supaglu. Nina safari ya Unguja karibuni, nafikiria nilimalize huko huko. Hebu niambieni, kosa ni la halua, la daktari au la jino lenyewe?

babu_wa_maskani
Waalaykum salaam. Ng'oa mwanangu. Mie langu nilizibisha, likafumuka, nikaziba tena, mwisho likang'olewa vile vile na pesa imeshakwenda. Ungeanza na mwisho.

tabibu_wa_meno
Babu, kwa heshima yako, hapo sikubaliani nawe. Gego likitoka, la jirani huanza kulalia pengo na la juu huteremka kwa sababu halina tena linalokutana nalo. Baada ya muda mtu anatafunia upande mmoja tu, na upande huo nao unachoka. Jino linaloshtuka kwa baridi kisha likatulia mara moja, kwa kawaida kiini chake, ile sehemu laini ya ndani yenye neva, bado kiko hai. Halijafika pa kung'olewa.

Bintiwete, sijaliona jino lako kwa hivyo nazungumza kwa hayo uliyoeleza. Halua imetoa tu kitu kilichokwisha kulegea. Kizibo kilichoshika barabara hakitolewi na halua.

Kilichonivuta mimi ni hiyo harufu ya karafuu. Dawa ile ni unga wa zinki oksaidi uliochanganywa na eugenoli, na eugenoli ndiyo iliyojaa kwenye mafuta ya karafuu. Inatuliza jino vizuri sana, lakini ni ya muda, mtu anakaa nayo wiki chache. Tatizo lake ni kwamba eugenoli inaizuia rezini, yaani hiyo ya taa ya buluu, isigande sawasawa. Ikiwa daktari wa pili hakuikwangua yote, au aliiacha chini akaweka rezini juu yake, basi kizibo kilikuwa na udhaifu tangu siku ya kwanza.

Jengine ni mate. Rezini hushika jino kavu. Gego la chini liko pale pale mate yanapojaa, ulimi unasukuma huku, shavu huku. Pamba ikilowa na isibadilishwe, au mgonjwa akifunga mdomo kidogo kabla ya taa, basi. Kazi hii haitaki haraka, na foleni ya wagonjwa nje ya mlango inaharakisha.

Kitazame hicho kipande kwa tochi ya simu, upande wa chini na kingo zake, kisha utuambie.

mchumaji77
Mafuta ya karafuu si ndiyo dawa yetu ya meno tangu enzi? Atie humo shimoni amalize shughuli.

tabibu_wa_meno
Yanatuliza maumivu, hilo sipingi. Tone moja kwenye kipamba, ndani ya shimo, si kwenye ufizi maana yanaunguza. Kuziba hayazibi, na uozo hauondoki. Halafu kwa yale niliyosema juu ya eugenoli, akiyatumia amwambie daktari kabla hajawekewa rezini.

Na supaglu msiiweke mdomoni, nakuombeni. Inaunguza nyama laini, kipande kinakaa upande, halafu chini yake uozo unaendelea umefunikwa.

bintiwete
Nimekitazama. Chini ni cheupe, laini, hakuna kitu. Ila ukingo mmoja, ule uliokuwa umegusana na jino la jirani, una weusi, na nikichokoa kwa sindano unamong'onyoka. Na kweli nyama ilikuwa inakwama hapo kila siku, natoa kwa kijiti.

tabibu_wa_meno
Basi una mawili kwa pamoja. Huo ulaini wa chini unaonyesha hakikushika vizuri, na huo weusi ni uozo mpya ulioanzia baina ya meno, mahala ambapo mswaki haufiki. Chakula kukwama hapo kunaonyesha kizibo na jino la jirani havikuwa vimegusana vizuri. Daktari anapoziba pahala kama hapo hulizungushia jino utepe wa chuma na kutia kabari ndogo, ili ukuta urudi ulivyokuwa. Ukienda, muulize kama atautumia. Omba na picha ya eksirei ili aone uozo umefika wapi kabla hajaziba. Kipande nenda nacho akione, ila hakirudishwi. Kitawekwa kipya.

Kwa sasa sukutua kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi baada ya kula, piga mswaki na hapo hapo kwenye shimo, taratibu, na tafunia kushoto. Usikae miezi kwa kuwa haliumi. Kuta zilizobaki ni nyembamba, ukitafuna kokwa ya ubuyu au popoo la tambuu zinapasuka, na ufa ukishuka chini ya ufizi hapo ndipo babu atapata haki yake.

babu_wa_maskani
Popoo niachieni mie.

mama_chasasa
Kwa nini asiwekewe ile ya rangi ya fedha? Yangu iko tangu nasoma skuli, watoto wakubwa sasa, haijatikisika.

tabibu_wa_meno
Amalgamu kweli inadumu, na mate kidogo haiyajali sana kwa sababu inashikwa na umbo la shimo, siyo kwa kugandishwa. Lakini karibu nusu yake ni zebaki, na dunia inaiacha polepole tangu Mkataba wa Minamata wa 2013, ule wa mataifa wa kupunguza zebaki. Watoto chini ya miaka 15, wajawazito na wanaonyonyesha hawawekewi ila daktari aone hapana budi. Pia shimo lake linataka kuchimbwa zaidi ili ikae.

Ipo na dawa nyengine ya kuzibia, glasi ayonoma. Hiyo inashika jino hata pakiwa na unyevu kidogo na inatoa floraidi. Njia ya kukwangua uozo kwa vyombo vya mkono bila mashine kisha kuziba kwa dawa inayojishika kwenye jino ilianzia hapa hapa Tanzania, katikati ya miaka ya 1980. Kwa mashimo madogo na kwa watoto naipenda sana. Kwa gego kubwa lililopoteza ukuta inalika mapema. Kwa bintiwete, rezini iliyowekwa pakavu, au kofia ya kulifunika jino zima ikiwa kuta hazitoshi. Kofia ni ghali zaidi, aulize bei kabla.

mchumaji77
Na akimeza amoksilini kwanza?

tabibu_wa_meno
Hapana. Haizibi shimo wala haiondoi uozo. Maumivu yakibadilika, jino likawa linapwita lenyewe usiku au likichomwa na chai ya moto likaendelea kwa muda mrefu, kiini kinakufa. Hapo atahitaji kusafishwa mizizi, kuziba tu hakutasaidia. Akivimba shavu au chini ya taya, akapata homa, akashindwa kufungua mdomo au kumeza, asingojee boti ya Unguja, aende spitali iliyo karibu saa hiyo hiyo.

bintiwete
Ahsante sana, Mungu akulipe. Nina jengine dogo. Hicho kizibo kilichotoka kilikuwa kinagonga kabla ya meno mengine kukutana, nikaambiwa nitazoea. Ni kweli mtu anazoea?

tabibu_wa_meno
Kizibo kilichozidi kimo kinapigwa peke yake kila unapotafuna, kinapasuka au kinalegea, na jino lenyewe linaweza kuuma. Daktari anakwambia uume karatasi ya rangi, panapozidi panabaki alama, anapasaga. Ganzi inadanganya, ukiwa nayo huwezi kujua. Ikishaisha, ukiona bado linagonga mwanzo, rudi siku ya pili wapasage tena. Ni kazi ya dakika chache, na usikubali kuambiwa utazoea.