Cheti cha TEFL cha mtandaoni: mwajiri wa nje anakitambua au tunapigwa?

Mwalimu wa Sakina
Wakuu, kwenye magrupu ya walimu wa Arusha na Moshi kuna tangazo linazunguka: TEFL (kozi ya kufundisha Kiingereza kama lugha ya kigeni) ya saa 120, unaimaliza kwa wiki moja kwenye simu, halafu "ajira ya uhakika" China, Korea na Uarabuni. Bei elfu 70. Wenye kuzijua ajira za kufundisha Kiingereza nje, hebu semeni. Mwajiri anakiangalia hicho cheti au anakiweka pembeni? Na digrii iliyosomwa mtandaoni je?

Chaki Nyeupe
Saa 120 ndicho kiwango ambacho waajiri wengi wanakiandika kwenye matangazo yao, kwa hiyo namba haina tatizo. Angalieni kilichomo ndani ya hizo saa. Kozi ya bei chee ni video na maswali ya kuchagua jibu. Ukikosea unarudia mpaka upite. Hakuna hata dakika moja unayosimama mbele ya wanafunzi huku mkufunzi akikuandikia makosa.

CELTA, cheti cha Cambridge cha kufundisha Kiingereza, nayo ni ya saa 120, ila humo mna saa 6 za kufundisha watu wazima wa ngazi mbili tofauti huku unasahihishwa, pamoja na kazi 4 za kuandika. CertTESOL, cheti kama hicho cha Trinity, nayo inadai saa 6 hizo hizo. Siku hizi CELTA unaweza kuifanya yote mtandaoni na bado inaheshimika, maana zile saa 6 zipo pale pale.

Ukitaka kuipima kozi, mwombe muuzaji namba yake kwenye rejesta ya Ofqual, wasimamizi wa vyeti vya Uingereza, uitafute mwenyewe. Akianza kuzunguka, funga simu. Hayo maneno "imeidhinishwa kimataifa" yasikubabaishe. Unaweza kukuta aliyeidhinisha na anayeuza ni mtu mmoja mwenye tovuti mbili.

Mzee wa Rau
Mwalimu Chaki umeshusha nondo, lakini umeanzia sebuleni, mlango hujaupita. Mlango ni pasipoti. Korea, viza ya E-2 ya walimu wa Kiingereza ni ya raia wa nchi 7: Marekani, Uingereza, Kanada, Australia, New Zealand, Ireland na Afrika Kusini. Mtanzania mwenye CELTA ya daraja A anabaki nje. China nako orodha ni kama hiyo hiyo, labda uwe umesomea digrii kwenye nchi hizo. Wakala anayekwambia "nenda na viza ya biashara, tutaibadilisha ukifika" anakupeleka kukamatwa.

Halafu Julai 2021 China walizibana kampuni za tuisheni. Wikendi na likizo marufuku, na walimu walio nje ya nchi wakakatazwa kufundisha watoto wa China kwa mtandao. Tangazo linaloahidi China bila kuyagusa hayo ni la kanjanja.

Mwanya uko Thailand na Vietnam. Kote huko digrii ni lazima. Thailand, pasipoti kama yetu inadaiwa pia mtihani wa Kiingereza, TOEIC ya alama 600 au IELTS.

Digrii za mtandaoni sahauni. Hata hapa kwetu, Chuo Huria si ndiyo hayo hayo? Mtu anasoma huku anauza duka.

Binti Kiboriloni
Shikamoo Mzee wa Rau. Ukishaitikia, sikiliza: Chuo Huria si chuo cha mtandaoni. Kimeanzishwa kwa sheria ya Bunge ya 1992, TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) wanakitambua kama wanavyoitambua Mlimani. Mtihani unafanyiwa kwenye vituo vya mikoa, Arusha kipo, Kilimanjaro kipo, kitambulisho mezani na msimamizi anapita katikati ya viti. Na kuuza duka kumekuwa kosa tangu lini?

Chalii wa Kijenge
Ngoja nivute kiti, nina mahindi ya kuchoma mawili. Leo povu limewahi.

Mzee wa Rau
Marahaba. Chuo Huria kilianza 94, msikiongezee umri. Na sikusema kosa, nilisema mwajiri anavyoona. Emirates (Falme za Kiarabu), ukipeleka digrii kulinganishwa, wanaangalia namna ulivyosoma: darasani au kwa masafa. Ukishaandika masafa, faili linaweza kulala.

Binti Kiboriloni
94 ni mwaka wa wanafunzi wa kwanza. Sheria ni ya 92. Ukitaka kubishana na tarehe, zisome kwanza.

Masafa na mtandaoni ni vitu viwili. Aliyesoma kwa masafa aende kwa msajili aombe barua inayoeleza mitihani ilisimamiwa wapi, programu ilichukua miaka mingapi, na vipindi vya ana kwa ana vilikuwepo au la. Barua hiyo iingie siku moja na transkripti. Ukiipeleka baada ya kuulizwa inaonekana kama utetezi. Na Open University ya Uingereza ipo tangu 1969, mbona hiyo hujaiita ya wauza duka?

Mzee wa Rau
Binti yangu, barua ya msajili haibadilishi sheria za nchi za watu.

Ngaramtoni Juu
Mnachapana kwa ajili ya Chuo Huria wakati kuna vijana wa Ulaya wanatua KIA na cheti cha wikendi cha saa 40, kesho yake wamekabidhiwa darasa la tatu Moshi mjini. Wetu wenye shahada ya ualimu wanaambiwa lafudhi haifai.

Chalii wa Kijenge
Hao wanatakiwa kuwa na kibali cha ukaazi cha daraja C cha kujitolea. Muulize mwenye shule kama anacho, uone atakavyoikumbuka miadi yake ghafla.

Chaki Nyeupe
Lafudhi ifungulieni uzi wake. Niseme kinachowakwamisha watu wa huku kabla mwajiri hajafungua hata cheti.

Kwanza, vyeti vimetiwa laminesheni. Muhuri haushiki juu ya plastiki, na ukiibandua karatasi inatoka na maandishi. Omba chuo utaratibu wa cheti kingine mapema, maana hilo si suala la siku mbili.

Pili, majina. Cheti cha kidato cha nne kina majina mawili, digrii ina matatu, pasipoti imebadilisha herufi moja. Andaa hati ya kiapo kwa wakili kabla hujapeleka chochote Wizara ya Mambo ya Nje kugongewa muhuri.

Tatu, mpangilio wa muda. Watu wanakimbilia cheti cha polisi kwa sababu ndicho rahisi. Vietnam wanakitaka kisizidi miezi 6. Ukianza nacho, mpaka digrii ihakikiwe, ipite Mambo ya Nje, kisha ubalozini, kimeshaoza. Kiache mwisho. Matokeo ya IELTS nayo yanadumu miaka 2, msifanye mtihani mkayafungia kabatini. Ubalozi wa Vietnam uko Dar, wa Thailand ni Nairobi, kwa hiyo nauli ya kupitia Namanga iwemo kwenye hesabu.

Mwalimu wa Sakina
Asante mwalimu. Kwa hiyo ile ya elfu 70 ni hasara tupu?

Chaki Nyeupe
Thailand, kwa shule ndogo za mikoani, inaweza kukupitisha kwenye mchujo wa karatasi, kwa sharti digrii na TOEIC viwepo. Kusimama darasani haikufundishi. Mkuu wa shule akikuomba ufundishe dakika 15 kwenye kamera, na wengi wanaomba, ndipo utakapojua ulichonunua.

Binti Kiboriloni
Mzee wa Rau bado hajanijibu ya 1969.

Mzee wa Rau
Ya 1969 nimekubali. Ya duka sifuti.