Korongo la Fish River (Namibia), watu watatu kutoka Dar, katikati ya Juni: naomba maelekezo

mtembezi_tegeta
Wakuu, habari za saa hizi. Tunapanga kutembea Korongo la Fish River kusini mwa Namibia, njia nzima kutoka Hobas (kambi ya kuanzia) mpaka Ai-Ais (kambi ya mwisho, penye chemchemi ya maji moto). Tuko watatu, pumzi tunazo, ila jangwa hatulijui. Naomba mwenye uelewa anisaidie kuhusu kibali, gari, maji, uzito wa mzigo, na mazoezi, maana Dar yote tambarare. Siku nne zinatosha?

kisarawe_juu
Anza na kibali, mengine yanafuata. Njia hufunguliwa tarehe 1 Mei hadi 15 Septemba tu. Nje ya hapo joto la bondeni linapita nyuzi 40 na linaua. Kibali kinatoka Namibia Wildlife Resorts (shirika la serikali yao la kambi za hifadhi), na kundi ni watu 3 hadi 30. Sasa angalia hapo: mko watatu kamili. Mmoja akipata homa siku ya safari, wawili waliobaki hawaruhusiwi kushuka. Tafuteni wa nne.

Cheti cha daktari kisizidi siku 40 kabla ya kuanza kutembea. Wengi huchukua mapema wakidhani ndiyo kujipanga, wakifika Hobas kimeshapitwa. Kadi ya homa ya manjano bebeni, msibishane na mtu uwanja wa ndege.

Siku nne zinawezekana, wekeni tano. Njia ni kama kilomita 85 hadi 90, na Juni mwanga wa jua unadumu masaa kumi na nusu tu hivi kwa siku. Mkiwa chini ya kuta, kivuli kinaingia mapema zaidi.

fundi_wa_njia
Kuhusu gari: Windhoek mpaka Keetmanshoop ni karibu kilomita 500 za lami, hakuna shida. Kuanzia hapo mpaka korongoni ni zaidi ya kilomita 150, nyingi za changarawe, na huko ndiko magari ya kukodi yanakopinduka. Upande wa kuendesha ni kushoto kama kwetu, kwa hiyo dereva wa Dar anajiamini kupita kiasi. Msizidi kilomita 80 kwa saa. Kwenye changarawe tairi halishiki. Ukikata kona au kukanyaga breki ghafla, nyuma inakupita. Punguzeni upepo kidogo, tairi lililojaa sana linadunda kwenye makorogesheni (yale mawimbi madogo ya barabara ya vumbi) na kuchanwa na mawe. Ombeni spea mbili. Na someni mkataba wa bima: mara nyingi tairi, kioo na gari kupinduka lenyewe havimo. Usiku msiendeshe kabisa, kudu (tandala) wanaruka barabarani.

Gari liacheni Ai-Ais, sio Hobas. Mpange usafiri wa kuwapeleka juu siku ya kuanza, ili mkimaliza mkute gari lenu pale pale kwenye maji ya moto. Kwa barabara ni kama kilomita 70 kati ya sehemu hizo mbili.

mama_begi
Mteremko wa kwanza ni kama mita 500, una minyororo ya kushikia mwanzoni, halafu kokoto zinazoteleza. Hapo ndipo magoti yanapokwisha, kwa sababu begi liko zito kuliko siku zote na misuli ya mapaja inafanya kazi ya breki. Fimbo mbili kila mtu. Kilomita 15 za kwanza ni majabali na mchanga mzito, msijipimie mwendo kwa hizo. Baada ya Palm Springs, penye chemchemi ya moto inayonuka kiberiti, njia inaanza kufunguka. Karibu na hapo kuna njia ya dharura ya kupanda kutoka korongoni. Mwenye goti bovu aamue hapo, asisubiri siku ya tatu.

Maji: kila mtu ashuke na lita 3. Chini mtachota mtoni. Chujeni kwanza kwa kipande cha khanga, ndipo mtie dawa; tope linaila klorini kabla haijafika kwa vijidudu. Subirini nusu saa, na maji yakiwa ya baridi sana subirini zaidi. Klorini haiui kila kitu, ya kupikia yachemke vizuri.

Moto wa kuni hauruhusiwi. Jiko dogo la gesi, na mtungi mnunue Windhoek kwani ndege haibebi. Piga hesabu hivi: gramu 15 za gesi kwa lita moja ya maji, mkichemsha lita 4 kwa siku ni gramu 300 kwa siku tano. Mitungi miwili ya gramu 230 basi, upepo nao unakula yake. Mchele acheni, unamaliza gesi. Chukueni tambi, uji wa lishe, karanga. Begi lenye maji lisizidi kilo 15.

kisarawe_juu
Naongeza buti. Za mitumba zinaweza kuonekana mpya, lakini soli zenye povu la plastiki huoza kwa ndani zikikaa miaka bila kuvaliwa. Juu hazionyeshi kitu, kisha soli nzima inabanduka siku ya pili. Zivaeni wiki sita kabla, kwenye ngazi za ghorofa na begi la kilo 12, kushuka zaidi kuliko kupanda. Mchanga wa ufukwe wa Coco unafaa sana, na wikiendi nendeni Pugu au Uluguru.

mtembezi_tegeta
Shukrani sana wakuu. Dagaa wakavu je, ni wepesi? Na dawa gani tubebe?

mama_begi
Nyani wa kule watawashukuru kwa dagaa. Chakula chochote kifungwe, kilale ndani ya hema.

Dawa: plasta za malengelenge, chumvi ya ORS, na kipimo cha malaria pamoja na mseto. Kusini mwa Namibia hakuna malaria, lakini mtatoka nayo Dar. Inakaa mwilini siku saba au zaidi kabla ya homa, na homa ikija korongoni msidhani ni jua tu, pimeni. Mtandao wa simu chini hakuna.

fundi_wa_njia
Mkikaribia mwisho mtapita kaburi la Luteni von Trotha, Mjerumani aliyeuawa 1905 katika vita na Wanama (wenyeji wa kusini mwa Namibia), mwaka ule ule wa Majimaji kwetu. Kuanzia hapo jazeni chupa kila mnapoona dimbwi safi, sehemu za mwisho mto hukauka kwa vipande.