Mama mwenye goti bovu na pasipoti ya Tanzania: kruzi ya kutoka Morisi, kruzi ya kupita Zanzibar au ndege mpaka Shelisheli?

MwanaPangani
Asalaam aleikum wakuu na habari za jioni kwa wote. Naombeni mawazo yenu kabla sijalipa hela ya kushikia nafasi. Mie niko Muscat, mama yuko Tanga, ana miaka 68 na goti lake la kulia halikunji sawasawa, dada yangu yuko Leicester na ana pasipoti ya Uingereza. Mie na mama pasipoti zetu ni za Tanzania. Marehemu baba alikuwa baharia na kila akirudi alikuwa anamwambia mama ipo siku nitakutembeza visiwa, haikuwahi kuwa, kwa hiyo Januari tunataka kumtimizia.

Nimepata njia tatu. Ya kwanza ni kruzi, yaani safari ya meli ya kitalii, ya wiki moja na kidogo, unapandia Port Louis kule Morisi, inapita Réunion, Madagaska na Shelisheli halafu inarudi Port Louis, na kwa bei ndiyo rahisi kuliko zote. Ya pili ni ndefu, inaanza Port Louis lakini haigusi Réunion, inapita Shelisheli, Nosy Be ya Madagaska, Zanzibar mpaka Mombasa na safari inaishia hapo. Ya tatu hakuna meli ya kitalii kabisa, tunaruka mpaka Mahé, kisiwa kikuu cha Shelisheli, tunalala hotelini na kuzunguka kwa boti za kawaida. Moyo wangu uko kwenye ya kwanza kwa sababu ya bei. Mwenye uzoefu wa viza na kushuka bandarini aniambie ukweli.

Baharia_Likoni
Waalaykum salaam dada, na Mungu amrehemu mzee. Mimi nimefanya kazi kwa meli za abiria miaka 14, upande wa mapokezi, kwa hivyo haya mambo ya pasipoti yamepita mikononi mwangu kila siku. Hiyo ya kwanza usiilipie bado. Shida ni Réunion. Kile kisiwa ni mkoa wa Ufaransa lakini hakimo ndani ya eneo la Schengen, zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, kwa hivyo hata ukiwa na viza ya Schengen iliyo hai haikuingizi kule mpaka viza yenyewe iwe imeandikwa kwamba yafaa Réunion. Dada yako wa Leicester anapita bila viza, wewe na mama hamupiti.

Na usije ukasema sisi siku ile tutabaki melini tule zetu. Kampuni za meli huangalia bandari zote za kwenye ratiba kabla hujapanda, awe ashuka asiwe ashuka, kwa sababu uhamiaji wa kule ukikuta abiria hana karatasi mzigo ni wa meli. Ukikosa moja wakurudisha pale pale kaunta na nauli hairudi.

Ubungo_Msewe
Nathibitisha alichosema baharia, yamemkuta binamu yangu. Alikuwa na viza ya Schengen aliyopewa kwa ajili ya mafunzo Ujerumani, bado ina miezi, ajenti aliyemuuzia tiketi akamwambia hiyo inatosha Réunion ni Ufaransa. Kafika Port Louis, begi lishachukuliwa na wapagazi, yuko kwenye foleni ya picha na kadi ya kabini, akaitwa pembeni. Begi likateremshwa, mkewe akalia pale kwenye jengo la abiria, wakalala hoteli siku mbili wakisubiri ndege ya kurudi Dar. Hela ya kruzi yote ilienda. Mpaka leo ananiuma roho maana walikuwa wamejinyima mwaka mzima. Morisi yenyewe haikuwa na neno, Watanzania tunaingia bila kuomba viza mapema.

Mkunazini77
Mie n'naongelea hiyo ya pili. Hapa Unguja mama na wewe mnashuka kwenu, hakuna viza, ila beba pasipoti hiyo hiyo mliyopandia meli msije mkatoa kitambulisho cha taifa mkawachanganya watu. Dada ndo mgeni, viza ya kawaida ya Tanzania ni dola 50 na ni bora aiombe mtandaoni mapema. Na kama atatangulia kuja kwa ndege kupitia hapa Unguja kumchukua mama, ajue kuwa tangu tarehe 1 Oktoba 2024 mgeni anayeingia Zanzibar anakata bima ya serikali dola 44.

Sasa la goti. Meli zikija hapa mara nyengine zinafunga gati Malindi, mara nyengine zinatia nanga nje na watu wanaletwa na boti ndogo za meli. Ukishafika nchi kavu mambo mepesi, Ngome Kongwe na Forodhani ni mwendo mfupi, lakini vichochoro vya Mji Mkongwe vina mawe na ngazi za barazani, mtafutie mama kiti na kijana wa kumshika mkono.

Baharia_Likoni
Hapo kwa boti ndogo ndipo nilitaka kufika, kwa sababu watu huuliza viza na kusahau miguu. Port Louis unatoka melini kwa daraja mpaka gatini, Victoria pale Mahé vilevile, na Mombasa unashukia gati nambari 1 pale Kilindini. Nosy Be sivyo. Kule meli hutia nanga mbele ya mji wa Hell-Ville, unateremka mpaka usawa wa maji, pale boti inapanda na kushuka na wimbi, mabaharia wawili wakushika mikono na unavuka kwa hatua moja bila kusitasita. Asiyeweza hiyo hatua haruhusiwi, na hili si kumdharau mtu, nimeona mguu ukibanwa pale. Bahari ikichafuka huduma yote husimamishwa.

Januari ni kaskazi, huku pwani yetu bahari si mbaya, lakini Morisi na Réunion ni msimu wa vimbunga. Januari 2024 kimbunga Belal kilipiga Réunion halafu mafuriko yakaingia Port Louis. Bandari ikifungwa meli hukaa mbali au hubadilishiwa njia. Fikeni Port Louis siku mbili kabla, si asubuhi ya safari.

Na saa. Morisi na Shelisheli ziko mbele ya kwetu kwa saa moja, Madagaska ni sawa na Tanga. Fuateni saa ya meli tu. Karatasi ya kabini ikiandika 16:30 wote ndani, mwandikie mama kwa mkono "saa kumi na nusu jioni". Mkienda na matembezi ya meli, mkichelewa meli yawangoja. Mkienda na teksi yenu, haingoji.

NesiTemeke
Dada usisahau kadi ya njano. Morisi na Shelisheli huwadai cheti cha homa ya manjano wanaotoka nchi zenye hatari ya ugonjwa huo, na mkipita koneksheni Nairobi mnaweza kuulizwa hata kama Tanga hamna. Chanjo inaanza kuhesabika siku 10 baada ya kuchomwa, na tangu 2016 cheti ni cha maisha, hata cha zamani, mtu asimchome mama mara ya pili kwa kuambiwa kimeisha. Kwa umri wake, kama hajawahi kuchanja, aanze kwa daktari. Dawa zake zikae mkoba wa mkononi maana mabegi makubwa yanafika kabini jioni.

MdigoMahe
Mimi naishi Mahé mwaka wa sita na nitaitetea hiyo ya tatu. Mtanzania haombi viza, unajaza kibali cha kusafiri mtandaoni kabla ya ndege na kulipia, pasipoti, tiketi ya kurudi na mahali pa kulala, basi. Boti ya kisiwa cha Praslin inaondokea hapa hapa Victoria, kama saa moja, na ya kisiwa cha La Digue kutoka Praslin ni robo saa, zote za kufunga gatini. Kwenye msitu wa Vallée de Mai kule Praslin mama ataona mnazi wa coco de mer kwa macho yake, akitaka kununua nazi yake adai na kibali cha kuitoa nchini. Ila nisikufiche, chakula na hoteli huku ni ghali.

MwanaPangani
Mungu awalipe, sikujua hata moja la Réunion. Ya kwanza nimeifuta. Nimeongea na mama kwa simu, kasema boti ya kuruka ruka hataki, lakini meli kubwa lazima aipande maana ndiyo ahadi ya baba. Kwa hiyo ni ya pili, Nosy Be tutabaki naye ndani, na viza ya Madagaska nitaiulizia hata hivyo. Ameuliza kitu kimoja tu, tukiwa Port Louis ni Ijumaa, ataswali wapi?

Baharia_Likoni
Mwambie shikamoo. Jummah Mosque, Royal Street, karibu na soko kuu. Kutoka gatini chukueni teksi, mapatano ya bei kabla ya kupanda.