Mwaka wa mwisho wa uuguzi: niandike maadili gani, na nijiandaeje kabla ya kushika wodi?

chiriku_wa_umoja

Hamjambo wadau. Niko mwaka wa mwisho wa diploma ya uuguzi hapa Nairobi, nimebakisha mzunguko mmoja wa wodi kisha mtihani wa Baraza la Wauguzi. Mwalimu ametuagiza kurasa mbili: maadili yako ya kazi na unavyojiandaa kuingia kazini. Darasa zima linaandika huruma, uadilifu, heshima, ushirikiano. Hata mimi nimeandika hivyo hivyo, lakini nikisoma naona karatasi hiyo angeweza kuipeleka mtu anayeomba kazi ya benki.

Sasa nauliza walio kazini: mtu akitaka kuyaona maadili ya muuguzi mgeni, huwa anatazama wapi? Na hii miezi mitatu iliyobaki nifanye mazoezi ya nini hasa? Tafadhali msiniambie nijiamini. Kinachonitisha ni hesabu za dawa, na zamu ya usiku ambapo wodi nzima mnaachiwa watu wawili.

mkunga_wa_jioni

Karibu dadangu. Anatazama chati ya vipimo, tena safu moja tu: pumzi.

Pitia chati za wodi yoyote yenye shughuli nyingi. Utakuta 18, 20, 18, 20, kuanzia mzee wa nimonia hadi kijana aliyevunjika mguu kwenye bodaboda. Hakuna wodi ambayo watu wote hupumua sawasawa. Ni kwamba mashine ya presha inakupa presha na mapigo, lakini pumzi inabidi usimame dakika nzima uhesabu mwenyewe, basi watu wanabuni. Na hiyo ndiyo namba ambayo mara nyingi hubadilika mapema mgonjwa anapoanza kuharibika, presha ikiwa bado inapendeza. Mtu mzima akifika 25 au zaidi, anahitaji kuonwa sasa hivi. Ukimwandikia 20 ya kubuni, atakayekuja zamu ya pili atasoma kwamba usiku ulikuwa shwari.

Namna ya kuhesabu: shika kifundo cha mkono kama unayepima mapigo, ukimaliza mapigo usiachilie, tazama kifua kikipanda kwa sekunde 60 bila kumwambia. Ukimwambia tu, anabadilisha upumuaji. Mtoto umpandishe shati, na uhesabu akiwa ametulia, halii wala hanyonyi. Wa miezi 2 hadi 11, kuanzia 50 ni kupumua haraka. Wa mwaka 1 hadi 5, kuanzia 40.

Presha nayo ina ujanja wake. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene unaongeza namba, na unaweza kumpa mtu ugonjwa asio nao. Mkono uwe usawa wa moyo, amekaa kama dakika 5, na usimhoji wakati mashine inafanya kazi.

Kama hukupima, acha nafasi na uandike sababu: "hakupimwa, alikuwa eksirei". Ukikosea, piga mstari mmoja, weka saa na sahihi, kosa libaki linasomeka. Wino mweupe kwenye faili ya mgonjwa unafanana na kuficha hata kama hukuwa na nia hiyo. Na usitie tiki dawa za saa nne kwa mpigo ndipo uanze kusukuma toroli. Utafika kitanda cha tatu ukute kanula (kijibomba cha mshipani) imetoka, cha tano mama ametapika, na karatasi inasema wote wamepata.

Kwenye zile kurasa zako andika "sitaandika nisichopima wala nisichotoa", halafu ueleze utalitekelezaje hilo. Mwalimu ataelewa bila neno uadilifu.

night_duty_254

Yote ni kweli, ila tuseme na upande wa pili. Wagonjwa 40, dakika moja ya pumzi kila mmoja, hizo ni dakika 40 kabla hujapima presha, na mko wawili. Hao wanaobuni si wote wavivu. Kwa hivyo chiriku, zoezi lako la kwanza ni kupanga nani anaanza.

Usikubali kupokea wodi mezani. Zungukeni vitanda na anayeondoka, na kila kitanda utazame kwa macho yako: dripu imebaki kiasi gani, kanula imevimba au la, mfuko wa mkojo una nini, bandeji imelowa damu au la. Ripoti ya mezani husema "anaendelea vizuri" kuhusu mtu ambaye hajakojoa tangu saa sita mchana. Walio kwenye oksijeni, wanaoongezewa damu, waliotoka upasuaji leo, watoto wadogo na waliolazwa jioni hiyo ndio unaoanza nao na kuwarudia. Yule aliyeruhusiwa kwenda nyumbani na anangojea bili, huyo anaweza kungoja.

Ukizidiwa, mpigie msimamizi wa zamu mapema na uandike saa uliyopiga. Kukubali kwamba kazi imekushinda saa nne usiku kuna heshima kuliko kugunduliwa saa kumi alfajiri.

chiriku_wa_umoja

Asanteni, hii ya pumzi imenichoma kidogo. Na dozi yenye shaka je? Daktari ameandika, ni mkubwa wangu, ni usiku, na mimi ndio kwanza nimepata leseni.

tone_kwa_tone

Hapa hesabu na maadili ni kitu kimoja, kwa sababu huwezi kumuuliza daktari kama hukupiga hesabu yako mwenyewe.

Chukua mtoto wa kilo 12, antibayotiki ya jentamisini, miligramu 7.5 kwa kila kilo mara moja kwa siku. 12 × 7.5 ni 90. Ampuli, kile kichupa cha dawa ya sindano, ni miligramu 80 kwenye mililita 2, maana yake 40 kwa mililita moja. 90 ÷ 40 ni mililita 2.25. Sasa karatasi imeandikwa 180. Hiyo ni mililita 4.5, yaani lazima uvunje ampuli ya tatu. Ukijikuta unavunja ampuli ya tatu kwa dozi moja ya mtoto, mkono usimame wenyewe. Dozi kubwa za kweli zipo, lakini nyingi za namna hiyo ni kosa la kalamu au kilo zilizokisiwa. Mpime mtoto upya kabla ya kupiga simu.

Simu yenyewe iwe fupi, na namba zitangulie: "Daktari, mtoto wa kitanda cha 7, kilo 12 nimempima sasa. Jentamisini imeandikwa 180, mimi napata 90. Sijampa. Naomba uje urekebishe." Usiseme "nafikiri labda kuna shida". Wengi watashukuru. Akisisitiza bila maelezo, mweleze msimamizi wa zamu, na uandike kwenye faili saa, uliyemweleza na alichojibu. Sheria haikulazimishi kutoa dawa unayojua itadhuru, na "niliambiwa" haikusaidii mbele ya Baraza. Akikupa agizo kwa simu, andika, msomee ulichoandika, kisha aje asaini.

Dripu: mililita mara matone kwa mililita, gawanya kwa dakika. Mililita 500 kwa saa 4 kwa mpira wa dripu unaotoa matone 20 kwa mililita ni 500 × 20 ÷ 240, karibu 42 kwa dakika. Wodini hakuna haja ya kuhesabu dakika nzima, unahesabu sekunde 15 upate 10 au 11. Idadi ya matone imechapishwa kwenye pakiti ya mpira, na pakiti ndiyo kitu cha kwanza kutupwa, kwa hivyo isome kabla. Mpira wa watoto ni matone 60, hapo mililita kwa saa na matone kwa dakika ni namba ile ile. Bandika plasta kwenye chupa, utie alama za saa. Na ukikuta dripu imechelewa kwa sababu mgonjwa alikunja mkono, usiifungulie ifidie. Mzee wa moyo au mtoto anaweza kujaa maji mapafuni.

Vitu vichache vya kushika kichwani: potasiamu kloraidi kali haisukumwi kwenye mshipa kamwe, huchanganywa kwanza na kwenda taratibu. Antibayotiki ya seftriaksoni haichanganywi na dripu ya Ringa, kwa sababu Ringa ina kalsiamu na zinagandana. Insulini hupimwa kwa bomba lake la sindano tu, na uandike "yuniti" kamili, kwa sababu U ya haraka husomeka sifuri na 6 inakuwa 60.

Kabla ya kutoa chochote, usimuulize mgonjwa "wewe ndiye Mary Wanjiku?" Aliyesinzia ataitikia jina lolote. Uliza "majina yako kamili ni yapi?" kisha linganisha na faili. Nairobi hii, Wanjiku wawili kwenye wodi moja si ajabu.

mkunga_wa_jioni

Niongeze ya uzazi, kwa sababu ukipangiwa hospitali ya Pumwani au Mama Lucy utaihitaji usiku wa kwanza: magneziamu salfeti kwa mama wa kifafa cha mimba. Ampuli za asilimia 50 zina gramu 1 kwa mililita 2. Gramu 4 za kuanzia ni mililita 8, ongeza mililita 12 za maji ya sindano upate 20 za asilimia 20, mpe mshipani polepole, si chini ya dakika 5. Kosa linaloua ni kusukuma ile ya asilimia 50 moja kwa moja. Kabla ya kila dozi inayofuata hakikisha pumzi ni 16 au zaidi (umeona tena pumzi?), goti linaruka ukiligonga, na mkojo haupungui mililita 30 kwa saa. Kimoja kikikosekana, usimpe, ita daktari. Kalsiamu glukoneti, dawa ya kuizima magneziamu ikizidi, mililita 10 za asilimia 10, iwe kando ya kitanda, si kabatini ambalo ufunguo umeondoka na zamu ya mchana.

kisanduku_cha_njano

Mbona hakuna anayemwambia ajilinde? Chiriku, chanjo ya homa ya ini aina ya B ni dozi tatu: leo, baada ya mwezi 1, na mwezi wa 6. Ukianza wiki hii, ya tatu itakukuta tayari kazini. Usingoje barua ya ajira.

Ukidungwa na sindano iliyotumika: osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, usikamue, usimwage jiki. Toa taarifa saa ile ile. Dawa za kuzuia VVU zinafaa kuanza ndani ya saa chache, mwisho ni saa 72, na unazimeza siku 28. Wengi huchelewa kwa aibu, si kwa kukosa dawa. Sindano usiirudishie kifuniko. Kisanduku cha sindano zilizotumika kikifika robo tatu kinafungwa. Anayeshindilia kijae ndiye hudungwa. Mfuko mweusi ni taka za kawaida, wa njano za maambukizi, mwekundu vipande vya mwili kama kondo la nyuma.

Halafu simu. Picha ya kidonda kwenye grupu ya WhatsApp ya darasa, hata bila sura, ikiwa na namba ya kitanda na tarehe, mtu wa mtaani kwake atamjua. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa nyeti. Na msichana akija na kaka yake kama mkalimani, habari za mimba usizipitishie kwa kaka. Tafuta mfanyakazi wa wodi anayejua lugha yake, Nairobi hukosi.

night_duty_254

Tumesahau damu, na ndiyo hupewa usiku. Linganisha mfuko na mgonjwa mkiwa wawili, kando ya kitanda. Ianze ndani ya dakika 30 tangu itoke kwenye friji, iishe ndani ya saa 4. Pima kabla, kisha kaa naye dakika 15 za mwanzo, upime tena. Akianza kutetemeka, kuwashwa, kuumwa mgongo au joto likapanda: funga damu, badilisha mpira wote, weka maji ya chumvi kuweka mshipa wazi, ita daktari. Mfuko usitupe, urudi maabara pamoja na mpira wake.