Tunaojifunza programu wenyewe: tupeane uzoefu wa kupanga malengo na kuyafuatilia

Mwanzisha uzi (Mbeya)

Wakuu, habari za jioni. Najua tupo wengi ambao hatukusomea kompyuta chuoni, tumejiingiza wenyewe kwa simu au laptopu ya mtumba, na kila Januari tunaandika malengo yaleyale. Naomba tuelezane ukweli: ulipanga nini, ulifuatiliaje, ulikwama wapi na nini kilikunasua. Naanza mimi.

Nauza kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Lengo langu la kwanza lilikuwa "nijue Python", lugha mojawapo ya kuandikia programu. Nililiandika ukurasa wa kwanza wa kaunta buku, nikalipigia mistari miwili kwa kalamu nyekundu. Kila usiku najifunza kwa muda wa saa mbili, nikimaliza naweka alama ya vema. Baada ya miezi minne daftari limejaa vema. Ndipo mweka hazina wa kikoba chetu, mama jirani yangu, akaniomba nimtengenezee kitu cha kujumlisha michango. Nikafungua faili jipya. Kishale kinawaka, kinazima, na mimi sina hata mstari mmoja wa kuandika. Kumbe miezi yote minne nilikuwa natazama vidio za watu wengine wakiandika.

Iliniuma sana. Usiku uleule nikafungua ukurasa mpya: "Hadi mwisho wa mwezi, programu ijumlishe michango ya wanachama 18." Nikalikata vipande. Jioni ya kwanza ipokee mchango wa mtu mmoja. Jioni ya pili ipokee ya wawili na kuijumlisha. Nikaingiza 5000, nikaingiza 5000 nyingine, ikanijibu 50005000. Nilihangaika na jibu hilo siku mbili. Unachokiandika kwenye `input`, Python inakichukua kama maandishi, na maandishi mawili ukiyajumlisha yanaunganishwa tu, moja nyuma ya jingine. Lazima uyageuze kuwa namba kwanza kwa `int`. Ya kwenye vidio nimeyasahau mengi, ila hilo la 50005000 nitakuwa nalo mpaka uzeeni.

Siku hizi daftari langu lina safu tatu: tarehe, nilichoandika kwa mikono yangu, kilichonikwamisha. Saa siziandiki tena. Karibuni.

Mchangiaji wa 2 (Nairobi)

Asante kwa uzi huu, ndugu yangu. Mimi niliingia ile changamoto ya siku 100 iliyoanzishwa na Alexander Kallaway mwaka 2016: angalau saa moja ya kuandika programu kila siku, na unatangaza hadharani ulichofanya. Nilienda vizuri mpaka siku ya 41. Mtoto akaugua, nikakosa siku mbili. Niliporudi niliona aibu kuandika "siku ya 42" kama kwamba hakuna kilichotokea, nikaona afadhali nianze upya mwezi ujao. Huo mwezi ujao ulikuja baada ya miezi saba.

Siku 41 za kazi halali nilizifuta mwenyewe kwa sababu ya siku mbili za kumuuguza mwanangu! Baadaye nikajua kwamba hata GitHub, tovuti ambako watu huhifadhi programu zao, mwaka huohuo wa 2016 iliondoa hesabu ya siku mfululizo kwenye kurasa za watumiaji, ikabakiza viboksi vya kijani vinavyoonyesha siku ulizofanya kazi. Sasa lengo langu ni siku nne kwa wiki, zozote zile. Wiki ikiharibika, Jumatatu ni wiki nyingine.

Mchangiaji wa 3 (Mwanza)

Mimi sina laptopu mpaka leo. Naandikia kwenye simu, ndani ya Termux, app ya Android inayokupa uwanja wa kuandika amri na programu. Usiku bando ikiwa nafuu napakua masomo ya CS50, kozi ya utangulizi wa kompyuta ya Chuo Kikuu cha Harvard, yale anayofundisha David Malan, mchana natazama bila intaneti. Mwanzoni nilijiwekea somo moja kila wiki kama wanafunzi wao. Nikafeli wiki ya kwanza tu: kuna zoezi la kujenga piramidi la Mario kwa alama za #, kwa lugha ya C. Lilinichukua siku 11.

Nilichobadilisha ni hiki: siendi mbele mpaka zoezi lifanye kazi, ziwe siku 3 au 30. Kufuatilia natumia git, programu inayotunza kila hatua ya kazi pamoja na ujumbe mfupi wa ulichobadilisha, tena ujumbe naandika kwa Kiswahili. Wa siku ya tisa unasema "nafasi za kushoto zimekaa sawa, ngazi ya mwisho bado imepinda". Nikikata tamaa naandika `git log`, amri inayoorodhesha ujumbe wote, wa karibuni ukiwa juu, nasoma kuanzia chini kwenda juu. Hakuna kinachonipa nguvu kama kuona kitu kilichonitesa mwezi uliopita kimekaa pale, kimeisha.

Mchangiaji wa 4 (Tanga)

Mkuu mwanzisha uzi, hapo kwenye saa natofautiana na wewe. Mimi ni muuguzi. Nikitoka zamu ya usiku, nikijipima kwa nilichokamilisha nitalia. Najiwekea dakika 25, faili langu likiwa wazi, vidio marufuku. Zikiisha, nimetimiza.

Mchangiaji wa 5 (Dodoma)

Ugonjwa wangu ulikuwa kurukaruka kati ya lugha na zana za programu. HTML wiki mbili, JavaScript wiki tatu, mtu akisema Flutter ina kazi nyingi nahamia huko. Dawa iliyonifaa ni ukurasa wa mwisho wa daftari, nimeuandika BAADAYE. Kila kinachonivutia nakiandika huko na tarehe yake, halafu narudi kwenye nilichoanza. Ukurasa una vitu 23 sasa, na vingi nikivisoma havinivutii tena. Pia Jumapili saa mbili usiku namtumia rafiki yangu ujumbe wa sauti wa dakika moja: wiki hii nimemaliza hiki, hiki kimenishinda. Yeye ananitumia wa kwake.

Mwanzisha uzi

Dada wa Tanga, umenigusa. Hizo dakika 25 faili likiwa wazi nazichukua kwa siku za kupakua saruji. Na ukurasa wa BAADAYE nimeshauandika.

Programu ya kikoba inajumlisha wote 18. Mama bado anaandika na kwenye daftari lake, tunalinganisha kila Jumamosi. Shida ni kwamba nikiifunga inasahau kila kitu, kwa hiyo lengo la mwezi huu ni ihifadhi michango kwenye faili. Jana nimefika kuandika jina la kwanza na kulisoma tena. Nikikwama nitakuja hapahapa.