Magauni ya zamani tunayoyakusanya, kuyavaa na kuyauza: tupeane uzoefu

Mleta mada

Wapendwa, habari zenu. Jana nimeuza gauni nililokaa nalo miaka sita, na tangu asubuhi kila nikifungua kabati mkono unakwenda wenyewe pale lilipokuwa limelala. Nimeona nisikae na hili peke yangu. Tuongee magauni ya zamani.

Langu lilikuwa la rayoni, bluu iliyokolea karibu na nyeusi, mabega yamejazwa kidogo, sketi nyembamba isiyo na rinda hata moja. Zipu ilikuwa ya chuma, tena haikuwa mgongoni bali ubavuni, chini ya kwapa la kushoto. Nililinunua kwa kupenda yale mabega tu, jingine lolote silijui. Mwaka wa tatu kiuno kikafumuka kwa ndani, nikakuta kiraka kilichoshonwa kwa mkono, na chini ya kiraka imejificha lebo ndogo: herufi C mbili nono, kama maduara yaliyomegwa kipande, kisha namba 41.

Alama hiyo, CC41, iliwekwa Uingereza kwenye nguo zilizotengenezwa kwa masharti ya wakati wa vita. Kuanzia Juni 1941 hadi Machi 1949 watu wa kule walinunua nguo kwa kuponi, na serikali ilifika hadi kupanga idadi ya marinda na vifungo. Nilikuwa nikidhani ile sketi nyembamba ni mtindo. Kumbe mwenye gauni alikuwa amepimiwa kitambaa! Na aliyeshona kile kiraka alikishona kwa mishono midogo, ya kupangana, isiyoonekana kabisa kwa nje, kwa sababu gauni jingine lisingepatikana upesi.

Nimelivaa kwenye harusi mbili, na kazini siku nilizotaka kujisikia imara. Nimeliuza kwa kuwa mwili wangu umebadilika, linanibana kifuani. Gauni la umri ule likiachia uzi, utashona. Likichanika kitambaa chenyewe, hakuna fundi wa kulirudisha.

Haya, nanyi: gauni gani, mlilitambuaje, na mliliachia kwa moyo gani?

Sindano Namba Tisa

Dada, pole na hongera kwa pamoja. Mimi ni fundi cherehani, na gauni la zamani sianzi kuliangalia kwa nje. Naligeuza ndani nje, nalitandaza mezani karibu na dirisha, nasoma mishono kwanza.

Nina moja la pamba la miaka ya 1950, kiuno kidogo, sketi pana inayojaa kiti kizima ukikaa. Mtindo huo wa sketi tele ulishika kasi baada ya Christian Dior kuonyesha mkusanyo wake wa kwanza Paris, Februari 1947, watu wakiwa wamechoka na nguo za kubaniwa. Lakini kilichonifunga kwenye gauni hili ni kiuno chake. Pale kwenye mshono kuna mistari mitatu ya vitundu vya sindano. Mstari wa kwanza ndio mshono wa asili. Wa pili umeingia ndani, maana yake mwenyewe alikonda, au lilimfikia mdogo wake mwenye kiuno chembamba. Wa tatu umetoka nje kabisa hadi ukingoni mwa kitambaa, na umeshonwa kwa uzi wa poliesta, ambao ule wa kwanza hauna. Kwa hiyo huyu wa tatu alikuja miaka mingi baadaye. Walioshona zamani waliacha kitambaa cha ziada upana wa vidole viwili ndani ya mshono, wakijua mwili haukai mahali pamoja.

Mimi nimelivaa kwa mstari wa tatu. Nikaongeza mshono wangu juu ya ule ule, vitundu vile vile, nisitoboe vipya. Siliuzi. Nikishindwa kulivaa nitampa mtu atakayejua kusoma hiyo mistari.

Pindo Refu

Niwaokoe wageni wa mambo haya na hasara niliyoipata mimi: msinunue kwa namba ya lebo. Nilinunua gauni la miaka ya 1960 lililoandikwa namba ninayovaa siku zote, halikupita mabegani. Namba za zamani si za leo, nguo zilikuwa ndogo zaidi kwa namba ile ile. Tegemea futi ya fundi. Pima kifua, kiuno na nyonga za gauni lenyewe likiwa limetandazwa, zidisha mara mbili, halafu ulinganishe na gauni lako linalokukaa vizuri. Na uache nafasi ya kupumua, kwa sababu vitambaa vingi vya wakati huo havivutiki.

Kabati la Chini

Langu ni la huzuni kidogo. Nilipata gauni la jioni la miaka ya 1930, hariri ya satini rangi ya maziwa, limekatwa mshazari. Mshazari, kwa asiyejua, ni kukata kitambaa kwa kukilaza pembeni badala ya kufuata uzi ulionyooka, ndipo kinateleza mwilini kama maji bila zipu wala kamba. Madeleine Vionnet wa Ufaransa ndiye anayetajwa zaidi kwa ustadi huo. Nikalivaa mara moja. Watu walinisimamisha kuniuliza, na mimi nilikuwa nikilisikia tu linavyonifuata nikigeuka.

Kisha nikalitundika kwenye henga nzuri iliyofungwa kitambaa, nikijiona nimelitunza. Baada ya mwaka nalitoa, pindo limeshuka ubavuni karibu shubiri nzima, katikati limebaki pale pale. Kitambaa cha mshazari kinavutwa na uzito wake mwenyewe, usiku na mchana. Nilitakiwa kulilaza sandukuni.

Sasa yangu yote ya mshazari, ya kufuma na ya shanga yanalala. Kila kunjo naweka karatasi laini isiyo na asidi ili isigeuke kuwa mstari wa kukatikia. Na mifuko ya plastiki nimeitoa yote.

Bi Marinda

Kabati la Chini, nakuelewa sana. Mimi nililiosha.

Lilikuwa gauni jeusi lenye vimetameta kifua kizima. Nikajaribu kona moja ya kitambaa cha ndani, rangi haikuchuja, nikalitumbukiza maji ya uvuguvugu. Dakika chache tu vimetameta vikaanza kulegea, vikashikana, vikawa ute mweusi mikononi mwangu. Ndipo nikajifunza kuwa vingi vya miaka ya 1930 vilitengenezwa kwa jelatini. Maji yanaviyeyusha, hata joto la mwili na jasho vinaviharibu. Kile kitambaa kilichobaki nimekihifadhi, bado kina alama ya kila kimoja kilipokuwa kimeshonewa.

Mleta mada

Bi Marinda, asante kwa kulisema hili wazi. Kuna gauni la mtu mahali fulani litapona kwa ajili yako.

Kifungo cha Lulu

Naomba kuuliza kabla sijasimulia. Nina gauni lenye lebo ya pili pembeni, nyekundu, nyeupe na bluu, imeandikwa ILGWU. Hakuna maelezo ya kufua popote. Ni la lini?

Sindano Namba Tisa

Hicho kilikuwa chama cha wafanyakazi wa viwanda vya nguo za kike Marekani. Lebo ya rangi hizo tatu ilitumika kuanzia 1974, na mwaka 1995 chama kiliungana na kingine, jina likabadilika. Kwa hiyo lako limo humo katikati. Maelezo ya kufua yalikuwa lazima kule tangu 1972, hivyo huenda kulikuwa na lebo nyingine ikakatwa. Tafuta mabaki ya uzi kwenye mshono wa ubavuni.

Kifungo cha Lulu

Nimeyaona! Uzi mweupe, vipande viwili. Asante mno.

Kabati la Chini

Kuna jambo nataka tulijadili kwa moyo mweupe. Mnakumbuka mwaka 2022 Kim Kardashian alipovaa kwenye Met Gala, ile hafla kubwa ya mavazi ya New York, lile gauni ambalo mwigizaji Marilyn Monroe alilivaa 1962 akimwimbia Rais Kennedy wa Marekani kwenye sherehe ya siku yake ya kuzaliwa. Baraza la kimataifa la makumbusho, ICOM, kupitia kamati yake ya mavazi, likasema nguo za kihistoria zisivaliwe na mtu yeyote, awe maarufu au asiwe. Mimi nilikubaliana nao kabisa. Tangu hapo najiuliza: sisi tunaovaa, hatuli mali ambayo wajao wangeikuta?

Sindano Namba Tisa

Naheshimu wasiwasi wako, ila mimi natenganisha. Gauni moja la aina yake duniani, lenye historia ya watu wote, liachwe kwenye giza na ubaridi wake. Gauni la pamba lililoshonwa ili livaliwe sokoni, lifuliwe, lipigwe pasi, livaliwe tena, hilo ukilifungia sandukuni hujalihifadhi. Aliyelishona aliliwekea mifuko!

Ninachokataa kuvaa ni hariri iliyotiwa uzito. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa ya 20 viwanda viliichovya hariri kwenye chumvi za metali, bati hasa, ili iwe nzito na iwe na mlio ule mtu akitembea. Metali ile ndiyo inayoikata sasa. Utaona nyufa ndefu zilizonyooka, hata kwenye gauni ambalo halijavaliwa kamwe. Hilo liache lilale, na ukiliuza umwambie mnunuzi kwamba haliponi.

Pindo Refu

Nakubaliana na fundi. Niongeze tu: nikivaa la zamani navaa shimizi ya pamba ndani na vikinga jasho kwapani. Magauni mengi niliyoyakataa yalikuwa mazima kila mahali isipokuwa kwapa.

Mtoto wa Mshonaji

Mimi ni mwanaume, na sikusanyi. Niliachiwa. Mama alipofariki tulikuta magauni kumi na moja, yote ameyashona mwenyewe kati ya ujana wake na miaka ya 1970 mwishoni. Dada zangu wote ni warefu, hakuna hata moja lililowafika chini ya goti. Tulikaa nayo miaka minne tukisogeza sanduku kutoka chumba hadi chumba.

Nikaamua kuyauza, lakini sikujua hata majina ya vitambaa. Nikachomoa nyuzi chache kwenye mshono wa ndani wa kila moja, nikazichoma juu ya sahani. Uliotoa harufu ya nywele zilizoungua ulikuwa sufu. Ulionuka karatasi ulikuwa pamba. Uliojikunyata ukawa kidonge kigumu ulikuwa wa viwandani. Nikapiga picha kila doa, kila kifungo kisichofanana na wenzake, nikaviandika vyote. Mtu mmoja aliniambia nikificha kidogo nitauza haraka. Sikuweza, mama asingeshona gauni la kumdanganya mtu.

Harufu ya kabati nilipambana nayo kwa kuyaanika kivulini penye upepo, siku nyingi. Mawili yalikuwa na mabuu ya nondo. Nikayafunga vizuri nikayaweka kwenye friza wiki mbili, kisha nikapiga brashi kila mshono.

Kumi yameondoka. La kumi na moja, la maua makubwa ya machungwa, la kuzungusha na kufunga kiunoni, lilinunuliwa na msichana mdogo. Wiki iliyofuata akanitumia video fupi anacheza, pindo limeruka. Mama sikumwona akicheza hata siku moja. Nimeitazama ile video na dada zangu mara nyingi, hatukuongea.

Bi Marinda

Kaka, umehesabu kumi yameondoka, na la kumi na moja nalo limeuzwa. Limebaki lipi?

Mtoto wa Mshonaji

Sikueleza vizuri, samahani. La maua lilikuwa la kumi na moja kwa kuuzwa, halikubaki lolote. Ila katika mfuko wake nilikuta kipande cha chaki ya fundi, hicho ninacho.

Mleta mada

Nimesoma yote mara mbili. Nilitaka kumjibu kila mmoja wenu, ila kwanza niwaambie kilichotokea hivi sasa. Aliyenunua gauni langu ameniandikia. Limemkaa vizuri, mabega ndiyo hayo, hata zipu haikugoma. Ana fundi mzuri na anauliza kama amruhusu akiondoe kile kiraka cha ndani, aweke kipya kinachofanana na kitambaa, maana cha zamani rangi yake imepauka.

Nimemjibu akiache. Nikamwambia na kilicho chini yake, kwa sababu nilipomuuzia nilisahau kumwonyesha.